Foleni ya Majini

Karani alishuka kwenye basi saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akatazama saa yake ya mkononi, akaridhika. Ahadi ilikuwa saa nne kamili. Dakika ishirini zilimtosha kufuta vumbi viatuni, kununua katoni ya soda ya kubishia hodi, na kuitafuta nyumba. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la kadi hospitalini akiwaita wagonjwa kwa namba, na ingawa sasa alikuwa amestaafu, mtaani kwake watu bado walimwita Namba Inayofuata. Yeye alilipokea jina hilo kama cheo.

Safari hii ilikuwa na jambo moja tu. Binti yake, muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya mji huu wa pwani miezi kumi na moja iliyopita, alikuwa amepata mchumba, na watu wa kijana walitaka kuonana na wazazi wa binti. Mke wa karani alikuwa amefungwa nyumbani na goti. Alimsindikiza mumewe hadi mlangoni, mkono mmoja ukutani.

"Nenda ukawaone hao watu, baba. Usiende kugombana. Ukimaliza nipigie, na hadithi sitaki. Nataka neno moja: ndiyo au hapana."

Neno hilo karani alikuwa ameliombea alfajiri saba mfululizo, magoti juu ya saruji, na Mungu alikuwa amenyamaza. Basi alisafiri akiamini kwamba jibu atalikuta hukohuko.

Alichokikuta kwanza ni mji uliofungwa. Duka la soda limefungwa. Kinyozi amefunga, taulo bado liko juu ya kiti. Posta imefungwa, na hii ilikuwa siku ya kazi, tena asubuhi. Kila mlango ulikuwa na karatasi moja yenye safu za namba ndogondogo. Karani alivaa miwani akadhani ni saa za kufungua, akazisoma mara mbili, kisha akagundua ni saa za maji kujaa na kupwa. Chini ya karatasi ya duka la dawa mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: TUPO MAJINI.

Mama mmoja alikuja akipita kwa haraka, miguu peku, nywele zinachuruzika, amejitwika ubao mrefu kichwani kama mtu abebaye jeneza la maiti mwembamba.

"Samahani, mama. Leo ni sikukuu hapa?"

"Sikukuu gani tena, mzee? Mawimbi yameamka."

"Na mwenye duka la dawa?"

"Yuko majini."

"Je, akija mgonjwa?"

"Mgonjwa naye yuko majini!" Akacheka, akapita.

Karani hakuona cha kuchekesha. Alitembea barabara nzima akikusanya makosa moja moja kama mkaguzi. Magari yameachwa vioo wazi, na ufunguo umewekwa juu ya tairi, mahali ambapo hata kipofu angeupapasa. Kila nyumba ina bomba nje, usawa wa goti, la kuoshea mchanga miguuni, na nusu ya mabomba hayo yalikuwa yanavuja bila mtu kujali. Mlinzi wa benki, mwenye kofia na kirungu na sare iliyopigwa pasi, hakuwa na viatu. Tena alimsalimu karani kwa kumwuliza kama ametokea upande wa mwambani, na kama huko kuna upepo. Hakumwuliza habari za nyumbani wala za safari. Upepo!

Nyumba aliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya duka la mikate. Mama wa kijana ndiye mwokaji. Kwenye ukuta wa duka, nje, zilining'inia mbao tatu za kupandia mawimbi, zimefungwa kwa waya, na juu ya kila moja pameandikwa tarehe kwa chaki. Mbao za kuuza, aliwaza karani, akaendelea hadi mlangoni. Saa yake ilionyesha saa nne kasoro dakika mbili. Akasubiri dakika mbili zipite, akabisha hodi.

Kimya. Mlango ulikuwa wazi. Ndani meza ilikuwa imetandikwa vizuri, sahani saba, vyakula vimefunikwa kwa vitambaa vyeupe, na katikati kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye mfuko wa unga: "Mkwe wetu, karibu. Mawimbi yameamka, tunarudi maji yakipwa. Jisikie nyumbani."

Karani alikisoma kikaratasi hicho amesimama. Damu ilimpanda hadi masikioni. Mtu ametoka saa kumi alfajiri, amekaa kwenye basi magoti yakigusa kiti cha mbele, amefika kwa dakika yake, halafu anaambiwa ajisikie nyumbani, peke yake na mainzi! Akaketi kwenye ukingo wa kiti kimoja, akafumba macho.

"Ee Mungu," alisema kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia, "wewe unajua nilikuomba jibu. Lakini kama hili ndilo jibu, mbona limenijia kwa dharau hivi?"

Akanyanyuka, akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni kama ushahidi, akashika njia ya pwani.

Ufukwe ulikuwa umejaa viatu ambavyo havikuwa na wenyewe. Huko mbele, mahali mwamba ulipoingia baharini kama kidole, mji mzima ulikuwa umekaa juu ya maji. Karani aliweka kiganja juu ya macho. Walikaa kwa mstari, kila mtu juu ya ubao wake, miguu ndani ya maji. Wimbi lilipoinuka mtu mmoja alijitoa kwenye mstari, akapiga makasia kwa mikono, akasimama wima, akashuka nalo hadi karibu na mchanga, kisha akarudi kwa mzunguko kukaa tena. Halafu mwingine. Hakuna aliyeanza wakati mwenzake yuko juu ya wimbi.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, karani alitazama kitu bila kukunja uso. Ile ilikuwa foleni. Foleni nzuri kuliko ya dirisha lake.

Ndipo alipomwona binti yake. Alimjua kwa namna alivyoinamisha shingo. Alikuwa amekaa mbali na mstari, peke yake, karibu na jiwe jeusi ambapo mawimbi yalifika yakiwa yamekwisha kuchoka, povu tupu. Karani hakuwahi kujua kwamba mwanawe anaingia baharini, na moyo ulimruka. Lakini alipoona ametulia, mazoea ya miaka thelathini na mmoja yakamshika, akaanza kuhesabu. Wimbi la kwanza alilichukua mwanamume mwenye tumbo kama pipa. La pili, mama mwenye mvi. La tatu, kijana mrefu ambaye karani alimtambua kwa picha: mchumba. La nne, la tano, la sita. Yule mwenye tumbo akarudia. Mvi akarudia. Mchumba akarudia mara mbili. Karani alihesabu mawimbi arobaini na moja. Binti yake hakupewa hata moja.

Mama mwenye mvi alitoka majini ubao kwapani, akamwona mgeni mwenye suti na viatu vya kamba, akakimbia kumlaki huku akidondosha maji.

"Mkwe! Umeshafika! Umekula?"

"Mama, shikamoo haipo, habari haipo, ni 'umekula'?"

"Jamani, tusamehe. Kikaratasi hukukiona?"

"Nimekiona. Ninacho mfukoni." Karani alijizuia. Mkewe alisema asigombane. "Mama, nina swali moja tu. Yule pale kwenye jiwe jeusi ni mwanangu. Zamu yake inafika saa ngapi?"

Mama huyo, ndiye yule mwokaji, aligeuka kutazama, kama mtu aliyeulizwa habari ya samani.

"Aa, yule bado mgeni. Hapa tuna utaratibu, mkwe. Wanaanza waliozaliwa hapa, wakubwa kwanza. Wanafuata waliooa na walioolewa hapa. Wageni wanakaa pale jiweni, wanaokota yanayobaki."

"Na ninyi mkimaliza zamu zenu, mnaanza tena?"

"Ndiyo."

"Basi zamu ya mgeni haifiki."

"Usijali, mkwe," mwokaji alimpigapiga mkono, akamwachia alama ya maji kwenye suti. "Akishaolewa atakaa mstarini kama sisi. Miezi mitatu tu imebaki."

Karani akaenda hadi maji yalipoanza, akaingia na viatu vyake, na soksi, akaita jina la utani la binti yake, lile la utotoni, kwa sauti ya dirishani iliyowahi kuvuka ukumbi wa watu mia tatu wenye watoto wanaolia. Mstari mzima ukageuza shingo.

Binti alikuja akipiga makasia taratibu. Alisimama mbele ya baba yake, maji magotini, midomo imepauka kwa baridi.

"Shikamoo, baba. Viatu vyako!"

"Marahaba. Achana na viatu. Umekaa pale muda gani?"

"Tangu saa moja na nusu."

"Umepanda mangapi?"

Binti akatazama pembeni.

"Nimekuuliza, mama. Mangapi?"

"Ni mambo ya kwao, baba. Nilidhani nitazoea."

"Miezi kumi na moja?"

"Najua kupanda. Nimejifunza mwenyewe, alfajiri, wakiwa wamelala. Mwezi uliopita nilichukua moja mbele ya mjomba wao. Nililiona linakuja, likawa zuri, nikashindwa kujizuia." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likamfia. "Ubao wangu ukatundikwa ukutani wiki mbili. Pale kwenye mikate. Wagonjwa wangu wakija zahanati wananiuliza, 'Sista, umefungwa miezi mingapi?'"

Zile mbao tatu. Zile tarehe za chaki.

"Nani aliutundika?"

Macho ya binti yalikwenda kwa yule kijana mrefu, ambaye alikuwa anatoka majini sasa, akifuatwa na mwenye tumbo, na nyuma yao mji ukaanza kutoka mmojammoja, maana ugomvi ufukweni ni kitu adimu kuliko wimbi.

Mchumba alikuwa fundi wa kutengeneza mbao hizohizo. Mikono yake ilikuwa na makovu ya msasa na gundi. Alinyoosha mikono yote miwili kwa heshima.

"Shikamoo, baba. Karibu sana kwetu."

"Bado sijawa baba yako. Ubao wa huyu ni wewe uliyeutundika?"

Kijana alishusha mikono. "Ndiyo, mzee. Mjomba aliona ni vizuri nitundike mimi, ili watu wasiseme nampendelea."

"Na wewe uliona vizuri?"

Mjomba, yule mwenye tumbo, fundi bomba wa mji, akaingilia kati akicheka. "Mzee, tulia. Umeoga jasho kama umekimbizwa. Sisi hapa hatuna polisi wa bahari. Bila utaratibu watu watagongana vichwa. Au kwenu mnaishi kama mbuzi?"

Watu wakacheka. Karani akamgeukia polepole.

"Wewe bwana, mimi nimesimamia foleni miaka thelathini na mmoja. Mke wa mganga mkuu amekuja dirishani kwangu na gari limeachwa linanguruma, nikamwonyesha benchi. Mke wangu mwenyewe alikaa kwenye lile benchi na namba arobaini na nane, tumbo limemfika kidevuni, huyu unayemwona hapa yumo ndani. Sikumpitisha."

"Umeona sasa!" mjomba akashangilia. "Mzee anaelewa!"

"Sijamaliza. Nilipoita arobaini na saba, niliyemwita baadaye ni nani?"

Mjomba akajikuna tumbo.

"Nakuuliza wewe, fundi. Wewe ungeita nani? Ungerudi kuita namba moja?"

Safari hii hakucheka mtu. Mwokaji alikuwa anakamua nywele zake kwa nguvu, kama nguo iliyoloweshwa.

"Namba arobaini na nane iliitwa," alisema karani. "Aliingia, huyu akazaliwa dakika kumi baadaye. Aliyezidiwa tu ndiye aliyepita mbele, basi. Ninyi mnajiita watu wa utaratibu! Foleni yenu ni nyumba ya ukoo mmoja, na wengine mmewasimamisha dirishani wachungulie. Kazi yake mnaikubali. Mkichanika miguu kwenye mwamba huu, nani anawashona?"

"Sista," sauti moja ya nyuma ilisema, na mwenyewe akajuta kusema.

"Alinishona nyuzi tisa," akaongeza mwingine.

"Kushona anaruhusiwa siku ya kwanza. Wimbi, mpaka aolewe!" alisema karani.

Akamrudia kijana. Alitaka kumpa nafasi. Baadaye, kwenye basi la kurudi, angejiuliza kama kweli alitaka, au alitaka tu kumwona akianguka. Na angemwomba Mungu msamaha kwa lolote kati ya hayo mawili. Lakini pale aliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Kijana. Maji bado yamejaa. Zamu inayofuata ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Mpe."

Kijana alimtazama binti, akamtazama mjomba wake, akatazama ubao wake mwenyewe, kama vile jibu liliandikwa pale. Hakuwa mtu mbaya. Hilo karani aliliona, na lilimkera zaidi.

"Mzee, ningempa hata leo," alisema mwishowe. "Lakini nikianza mimi, kila mtu atampa wake, na mjomba ndiye amenifundisha bahari. Miezi mitatu tu. Baada ya harusi itakuwa haki yake, hakuna atakayesema neno. Si ndiyo, mpenzi? Miezi mitatu tu."

Karani alifungua mdomo. Hasira yote ya asubuhi ilikuwa imejipanga ulimini, tangu duka la soda hadi kikaratasi cha unga, na neno la kumpelekea mkewe lilikuwa tayari limeiva. Lakini binti yake alimgusa kifuani kwa kiganja chenye maji.

"Baba, ngoja. Hilo neno ni langu."

Akamkabili kijana. Hakupaza sauti. Karani aliijua sauti ile. Ilikuwa ya mama yake siku akiwa amekasirika hasa.

"Nimekaa jiweni miezi kumi na moja, na kila siku nilikuwa najiambia kwamba wewe unaumia kuniona pale. Nikawa nakuombea. Ee Mungu, mpe nguvu huyu mtu, hapendi ninavyofanyiwa. Kumbe wewe ulikuwa unahesabu miezi tu."

"Sikiliza, mpenzi..."

"Hapana. Sitaki kuolewa ili nipate wimbi. Wala sitaki mume wa kunishikia zamu halafu aniite nikishakuwa mali ya kwao. Hapana, na ni hapana ya leo, siyo ya miezi mitatu."

"Na kazi?" mwokaji aliuliza kwa hofu. "Zahanati unaiacha?"

"Kazi siachi, mama. Kesho njoo nibadilishe bandeji ya mkono wako kama kawaida." Akainama, akakaza kamba iliyofunga ubao kwenye kifundo cha mguu wake. "Na bahari siachi."

"Utatundikwa!" mjomba alifoka, uso umemwiva. "Mwaka mzima! Sikia wewe binti, nitautundika kwa mkono wangu!"

"Ubao wenyewe nitakuwa nimeupanda, mjomba. Utautoa wapi?"

Mtu alicheka nyuma, akajifanya anakohoa. Binti aliingia majini. Alipita jiwe jeusi bila kulitazama, akaenda moja kwa moja hadi ncha ya mwamba ambako mstari ulikuwa umeachwa mtupu, kwa sababu mji wote ulikuwa umesimama ufukweni ukimshangaa. Akageuza ubao. Akakaa.

Mjomba alichukua ubao wake kwa haraka, akaanza kuingia. Karani alimwekea bega. Hakumsukuma, alisimama tu mbele yake, mzee wa suti mwenye maji magotini.

"Toka, mzee."

"Kaa kwenye benchi," alisema karani.

Labda ni ile sauti. Watu wazima wengi wamewahi kuambiwa maneno hayo na mtu wa dirishani, na miguu yao inakumbuka kabla ya akili. Mjomba alisita. Alisita kiasi cha pumzi tatu hivi, na nyuma ya binti, mbali, maji yakaanza kunyanyuka, laini, ya kijani, bila povu.

Simu ikalia mfukoni mwa karani. Ilikuwa saa tano kamili. Mkewe hakuwahi kuchelewa. Aliipokea bila kuondoa macho baharini.

"Haya, baba. Ndiyo au hapana?"

"Mwenyewe ameshajibu. Hapana. Subiri kidogo, mama, usikate, niko kazini."

Akaishusha simu. Hakuwa na uhakika kama binti angemsikia kwa umbali ule na kelele za maji, na hasira ilikuwa bado imemkaba, kwa ajili ya soda, kwa ajili ya kikaratasi, kwa ajili ya kila alfajiri ambayo mwanawe alijifunza peke yake kama mwizi. Akajaza kifua pumzi.

"Namba inayofuata!"

Binti alilala kifudifudi juu ya ubao, akapiga makasia mara nne, akasimama.